Karani, Kibarua na Chama: Kwa Nini Mtu wa Ofisini Husita Kujiunga na Wenzake

Utangulizi

Kila ifikapo tarehe mosi Mei, Siku ya Wafanyakazi Duniani, redio na magazeti ya Afrika Mashariki hujaa habari za maandamano, hotuba na madai ya nyongeza ya mishahara. Siku inayofuata kila mtu hurudi kazini, na fomu za kujiunga na chama cha wafanyakazi hurudi kwenye droo. Tunaofanya kazi katika vyuo tunazijua fomu hizo. Hupita kwa makatibu muhtasi, kwa wahasibu, kwa watunza kumbukumbu, kwa wasaidizi wa maktaba na kwa wahadhiri wa muda, na mara nyingi hurudi zikiwa na saini chache.

Ukiuliza sababu, majibu ni yaleyale. Mmoja atasema chama ni cha wafagizi na madereva. Wa pili atasema mkuu wa idara akiliona jina lake hatapandishwa cheo. Wa tatu atasema viongozi wa chama hula michango tu. Wa nne atanyamaza, kisha aulize makato ni kiasi gani.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa majibu hayo hayatokani na tabia ya asili ya mtu wa ofisini. Yana historia, na historia hiyo inaweza kutajwa kwa miaka na kwa majina. Tumechagua kuifuata zaidi katika Tanganyika, baadaye Tanzania Bara, kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko mambo ya vyama vya wafanyakazi yalikojadiliwa kwa Kiswahili kuliko kwingineko, na msamiati wake mwingi tunaoufundisha umetoka huko. Pili, huko tunaziona hatua zote kwa mfululizo: karani akiwa peke yake, karani akiungana na wengine, na karani akikatwa ada bila kuulizwa. Baadaye tutaitazama Kenya kwa ufupi, kisha tutarejea hapa kwetu Uganda.

Maneno yenyewe yanasema

Kabla ya kuingia katika historia, tuyatazame maneno matatu. La kwanza ni karani. Neno hili lilifika pwani kwa njia ya Bahari ya Hindi, katika biashara na hesabu za majahazi, na kwa muda mrefu lilimtaja mtu anayeaminiwa na tajiri: huandika mali inayoingia na inayotoka, na hujua siri za daftari. La pili ni kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili adai ujira wake. Tazama jinsi maneno haya mawili yanavyokutana. Karani ndiye aliyekiandika kile cheti, na mwenzake akaitwa kwa jina la cheti hicho. Mmoja alishika kalamu, mwingine alishika matokeo ya kalamu.

Neno la tatu ni mtumishi. Hata leo mwajiriwa wa ofisi ya serikali hupenda kujiita mtumishi wa umma, na si mfanyakazi. Mfanyakazi, masikioni mwa wengi, ni mtu wa kiwandani, bandarini au shambani. Hivyo basi, anapoletewa fomu ya chama cha wafanyakazi, mtumishi wetu huona kama jina lililoandikwa juu ya fomu si lake. Lugha imekwisha kumtenga kabla hajasoma masharti.

Tanga, mwaka 1922

Makarani Waafrika wa Tanganyika hawakuchelewa kuunda chama. Walitangulia. Mwezi Machi 1922, katika mji wa Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichojulikana kwa herufi TTACSA. Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma katika shule ya misheni ya Kiungani, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa karani katika utawala wa Waingereza pale Tanga. Wanafunzi wetu wanaosoma historia ya fasihi ya Kiswahili wanamfahamu kwa kitabu chake cha safari, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotokana na safari yake ya London ya mwaka 1931, alipokwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza.

Chama hicho kilikuwa na mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza ni jema: kiliwaunganisha Wakristo na Waislamu, na watu wa makabila mbalimbali, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilipendelea kumtambua Mwafrika kwa kabila lake na chifu wake. Karani aliyehamishwa kutoka wilaya hadi wilaya hakuwa na chifu wa kumsemea, kwa hiyo alihitaji chama. La pili ni mipaka yake. Kilikuwa mahali pa kusoma magazeti, kujielimisha na kucheza mpira, na madai yake yalihusu zaidi hadhi ya karani mwenyewe. Mishahara ya siku zile ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Karani Mwafrika alijilinganisha na karani Mhindi wa meza ya pili. Hakujilinganisha na kuli wa bandarini, ingawa dirisha la ofisi yake huenda lilitazama bandari hiyohiyo.

Hatusemi haya kwa kuwabeza. Karani wa mwaka 1922 alikuwa mmoja wa watu wachache waliojua kusoma na kuandika, na heshima yake mjini ilitokana na kanzu safi au suti, viatu, na lugha ya Kiingereza. Kumwambia aketi mkutano mmoja na mchukuzi wa magunia kulikuwa sawa na kumwambia aiweke rehani heshima hiyo. Hapa ndipo lilipozaliwa lile jibu la kwanza tulilolitaja, kwamba chama ni cha wafagizi na madereva. Ni jibu la zamani sana.

Mwaka 1929 iliundwa African Association katika Dar es Salaam, nayo pia ikaongozwa kwa kiasi kikubwa na makarani na walimu. Haikupita muda mrefu ikapata mshindani, na hapa sisi wa Uganda tuna jambo la kujivunia. Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyefika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza na baadaye akafungua duka Dar es Salaam, alianzisha chama chake mwaka 1934, na mwaka 1937 akaanza kuchapisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Lilikuwa gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah hakuwa mtu wa klabu ya makarani. Gazeti lake lilifungua ukurasa wa Kiswahili kwa malalamiko ya watu wa mjini ambao hawakuwa na kalamu serikalini.

Bandari yafundisha ofisi

Waliogoma kwanza kwa nguvu hawakuwa watu wa meza. Mwaka 1939 makuli wa Dar es Salaam waligoma mwezi Julai, na wenzao wa Tanga wakafuata mwezi Agosti. Mwezi Septemba 1947 mgomo mkubwa zaidi ulianzia bandarini Dar es Salaam, ukaingia reli, ukasafiri na Reli ya Kati hadi miji ya bara. Baada ya mgomo huo usuluhishi uliwapa makuli nyongeza kubwa ya ujira. Wanafunzi wanaosoma riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1979, watakumbuka kuwa Unguja nako wachukuzi wa bandarini waligoma mwaka uliofuata, yaani 1948.

Ni vigumu kuamini kuwa somo hili liliwapita makarani. Mtu asiyejua kusoma aliinua ujira wake kwa kukaa chini pamoja na wenzake, ilhali mtu wa kalamu aliendelea kuandika maombi yanayoanza na kumalizika kwa maneno ya unyenyekevu. Heshima ya karani ilikuwa kubwa, lakini haikuwa silaha.

Hata hivyo, makuli nao walikuwa na upungufu ambao karani angeweza kuuziba. Sheria ya kikoloni ilitaka chama kiandikishwe, kiwe na katiba, kiwe na hesabu zinazokaguliwa, na barua zake ziandikwe kwa Kiingereza. Nani angeandika? Mwaka 1948 chama cha makuli wa Dar es Salaam kilimpata katibu kijana msomi wa mjini, Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist Sykes, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa makarani waliounda African Association. Katika nyumba moja, ndani ya kizazi kimoja, tunaona hatua kutoka chama cha watu wa kalamu hadi chama cha watu wa mabega. Chama hicho cha makuli kilifutwa mwaka 1950 baada ya ghasia za mgomo, lakini njia ilikuwa imeonekana.

Karani avuka mstari

Miaka ya 1950 ndiyo miaka ambayo mtu wa ofisini aliacha kusita, angalau kwa muda. Tuanze na mfano wa Nairobi, kwa kuwa ulikuwa na athari Tanganyika.

Serikali za kikoloni zilipendelea watu wa ofisini wawe na vyama vya watumishi, vinavyokutana na wakubwa na kuzungumza kwa adabu, kuliko vyama vya wafanyakazi vyenye haki ya kujadiliana na kugoma. Tofauti hiyo si ya jina tu. Chama cha watumishi huomba, lakini chama cha wafanyakazi hudai, na kikikataliwa kina njia ya kisheria ya kufuata. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kazi ya kalamu na daftari. Mwaka 1952 alichaguliwa kuongoza chama cha watumishi Waafrika wa halmashauri hiyo, na yeye na wenzake wakakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Chama hicho hakikuuliza kama mwanachama anafanya kazi mezani au barabarani. Kilichoulizwa ni kama mwajiri ni mmoja.

Mwaka 1955 Mboya alifika Tanganyika, akazungumza na viongozi wa vyama vidogovidogo vilivyokuwapo, vikiwemo vya makarani wa makampuni ya biashara. Mwezi Oktoba mwaka huohuo likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, maarufu kwa herufi TFL. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Inafaa tumtazame Kawawa kwa makini, maana katika maisha yake mambo yote ya makala haya yanakutana. Alikuwa mtumishi wa serikali, aliyeanza kama karani wa hesabu katika idara ya kazi za ujenzi, kisha akafanya kazi katika ustawi wa jamii na filamu. Wapenzi wa filamu za zamani wanamkumbuka katika Muhogo Mchungu. Wakati huohuo alikuwa kiongozi wa TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kwa maneno mengine, alitoka katika ukoo uleule wa chama cha Kayamba. Lakini alipochukua uongozi wa TFL alijikuta akiwasemea madereva, wapishi wa hoteli, watumishi wa majumbani na wakata mkonge. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali ili aitumikie TFL kwa muda wake wote.

Kwa nini makarani wa wakati ule waliweza kuvuka mstari? Tunaona sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba serikali yenyewe iliwafungia mlango mwingine. Waraka wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu Nyerere alilazimika kuuacha ualimu mwaka 1955 ili aongoze TANU, lakini si kila karani angeweza kuacha mshahara. Chama cha wafanyakazi kiliruhusiwa na sheria, na kwa wengi kikawa uwanja pekee wa halali. Ya pili ni kwamba dari la rangi lilikuwa wazi machoni pa kila mtu: hata karani hodari kiasi gani alijua mahali atakaposimama. Ya tatu ni lugha. Mikutano ya TFL iliendeshwa kwa Kiswahili, na katika Kiswahili karani hakuwa na faida kubwa juu ya kuli. Wote walijua kuuliza swali, na wote walijua kupiga methali.

Matokeo yalionekana. Mwezi Desemba 1956 watumishi wa majumbani na hotelini waligoma Dar es Salaam, na wafanyakazi wa sekta nyingine wakawaunga mkono. Mwaka 1958 ukafuata mgomo wa kiwanda cha bia uliosaidiwa na watu wa mjini kwa kususia bia. Kufikia mwaka 1960 hata watu wa posta na wa reli, wakiwemo watu wa dirishani na wa ofisini, walikuwa wamegoma kwa wiki nyingi. Neno mfanyakazi lilikuwa limepanuka, na karani alikuwa ndani yake.

Chama kinapokuwa idara

Upanuzi huo haukudumu. Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, mambo mawili yalibadilika kwa pamoja.

Kwanza, dari lilipasuka. Wazungu waliondoka serikalini, nafasi zikawa wazi, na karani wa jana akawa afisa wa leo. Watu wa mitaani wakampa jina la naizi, kutokana na naizesheni. Mtu anayetarajia kupanda wiki ijayo haoni haja ya kuungana na wanaobaki chini. Tumaini la cheo, ambalo ukoloni ulilizuia, sasa lilifanya kazi ya kuwatenganisha wafanyakazi vizuri kuliko ukoloni wenyewe.

Pili, serikali mpya iliona hatari katika vyama vyenye nguvu. Mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, zilipitishwa sheria zilizobana migomo, na nyingine ikawazuia watumishi wa ngazi za juu serikalini kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Msomaji asione hili kuwa usaliti wa mtu mmoja. Serikali changa iliogopa uchumi kusimama, na viongozi wake waliamini kuwa mwajiri wa zamani amekwisha kuondoka. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Mwezi Februari TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja cha nchi nzima, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa Waziri wa Kazi wakati huohuo.

Sheria ya NUTA iliweka pia utaratibu wa mwajiri kukata ada moja kwa moja katika mshahara. Penye wanachama wengi zaidi ya nusu, ilikuwa inawezekana kuamriwa kwamba wafanyakazi wote wawe wanachama. Kwa hesabu, hayo yalikuwa mafanikio makubwa, kwani wanachama na fedha viliongezeka. Lakini tutazame jambo lililopotea. Karani wa mwaka 1955 alitoa ada kwa mkono wake, akamtazama mweka hazina usoni, na mwezi uliofuata aliweza kuuliza fedha imefanya nini. Karani wa mwaka 1965 aliiona ada kama mstari mmoja katika hati ya mshahara, chini ya kodi. Kujiunga hakukuwa uamuzi tena. Na jambo ambalo mtu hakuliamua, halitetei.

NUTA ilileta manufaa yake, likiwemo gazeti la Mfanyakazi lililosomwa kwa Kiswahili nchi nzima. Lakini Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakemea viongozi wenye kiburi na dharau, wafanyakazi wa viwandani waliwageukia mameneja wao na kuwafungia milango, mara nyingi bila kuongozwa na chama. Katika mivutano hiyo mtu wa ofisini alijikuta upande wa pili wa mlango.

Majina yaliyofuata yanastahili darasa zima la isimujamii. Mwaka 1978 NUTA ikawa JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania, mojawapo ya jumuiya za Chama cha Mapinduzi. Neno chama lilikuwa limebaki la chama cha siasa, na wafanyakazi wakapewa jumuiya. Mwaka 1991 ikaja OTTU, kisha mwaka 1995 likaja shirikisho lililojitambulisha kuwa la vyama huru. Kivumishi hicho, huru, ni ushahidi tosha: hakuna anayejitangaza kuwa huru kama hakuna aliyemtilia shaka. Baada ya Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 1998 kuanza kutumika mwaka 2000, iliundwa TUCTA, pamoja na vyama vya kila sekta: walimu, watumishi wa serikali na afya, watumishi wa serikali za mitaa na wengineo. Chama kilirudi, lakini makato yalikuwa yametangulia. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 iliruhusu hata asiye mwanachama kukatwa ada ya uwakala mahali ambapo chama kina wanachama walio wengi. Hivyo lile jibu la tatu, kwamba viongozi hula michango, si porojo za kantini tu. Ni kumbukumbu ya miaka ya kukatwa bila kuulizwa.

Kenya na woga wa orodha

Jibu la pili, la mtu anayeogopa jina lake kuonekana, linaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama Kenya. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi Posta kwa miaka mingi, walianzisha shirikisho la vyama vya Afrika Mashariki. Mwezi Mei 1950 wote wawili walikamatwa, Nairobi ikagoma, na Makhan Singh akawekwa kizuizini hadi mwaka 1961. Baada ya uhuru, mwaka 1980, Rais Moi alipiga marufuku chama cha watumishi wa serikali na chama cha wahadhiri wa chuo kikuu. Vyama hivyo viwili vilikuwa hasa vya watu wa meza na vitabu. Watumishi wa serikali walisubiri hadi mwaka 2001 kurudishiwa chama chao, na wahadhiri wakaandikishiwa chama chao, UASU, mwaka 2003.

Miaka ishirini na zaidi ni kizazi kizima cha ofisi. Mtu aliyeajiriwa mwaka 1980 aliweza kukaribia kustaafu bila kuwahi kuona fomu halali ya kujiunga. Alipoiona, si ajabu kwamba mkono ulitetemeka. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi kijana wa leo, na pamoja na kazi alimfundisha kunyamaza.

Na sisi hapa Uganda

Hapa Uganda tumepitia njia yetu. Madereva walitangulia kujipanga mwishoni mwa miaka ya 1930, na mgomo wa Januari 1945 ulienea miji mingi. Mtu wa ofisi ya serikali alichelewa kwa sababu sheria ilimchelewesha. Ni mwaka 1993 ndipo sheria ilipofunguliwa ili watumishi wa umma waweze kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, ikathibitisha haki ya kila mfanyakazi kuunda au kujiunga na chama anachokitaka. Ikaja na Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006. Haki ipo. Kinachokosekana ni mazoea.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa walimu. Mwaka 2022 serikali iliamua kuwapandishia mshahara walimu wa sayansi, mwenye shahada akapata shilingi milioni 4 kwa mwezi, na kuwaacha walimu wa masomo ya sanaa nyuma kwa mbali. Mwezi Juni chama cha UNATU kiliitisha mgomo, na mwezi Julai mgomo ukasitishwa bila kupata kilichodaiwa. Wahitimu wetu wanaofundisha Kiswahili katika shule za sekondari wamo katika hao walioachwa. Tangu hapo walimu wamegawanyika: wa sayansi wana chama chao, na wa masomo ya sanaa wana chama chao. Hatuwalaumu walioanzisha vyama vipya, kwa kuwa kila mtu hukimbilia mahali anapodhani atasikilizwa. Lakini mwenye kujua historia ya Tanga ya mwaka 1922 anauona mstari uleule ukichorwa tena. Zamani ulipita kati ya meza na gunia. Leo unapita kati ya maabara na ubao, ndani ya shule moja, chini ya mwajiri mmoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba kusita kwa mtu wa ofisini kuna walimu watatu. Wa kwanza ni cheo, kilichomfundisha kujiona tofauti na kibarua. Wa pili ni woga, uliofundishwa na marufuku na kukamatwa kwa viongozi. Wa tatu ni makato, yaliyomfundisha kwamba chama ni kitu kinachomchukulia bila kumsikiliza. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyezaliwa naye. Na miaka ya 1950 inatuonyesha kwamba mafunzo hayo yanaweza kusahauliwa, pale watu wanapokutana katika lugha moja na kuulizana mwajiri wetu ni nani.

Kwa maoni yetu, anayetaka kumshawishi mtu wa ofisini leo asianze na hotuba ya umoja. Aanze na daftari la hesabu. Aonyeshe ada imeingia kiasi gani na imetumika wapi. Aitishe mkutano ambao katibu muhtasi na mfagizi watakaa benchi moja na kuulizana maswali kwa Kiswahili, bila mtu kujificha nyuma ya Kiingereza. Kisha aache fomu mezani. Methali ya umoja ni nguvu kila mtu anaijua, lakini watu wa zamani walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo karani analielewa kuliko mtu yeyote.

Kwa wanafunzi wetu tunaacha kazi moja. Kila mmoja na azungumze na mtu aliyestaafu kazi ya ofisi, awe ni mzee wa posta, wa reli, wa benki au wa wilaya, amwulize chama chao kiliitwaje, ada ilitolewaje, na alijiunga au alikataa kwa sababu gani. Majibu yaandikwe kwa maneno ya msimulizi mwenyewe. Wazee hao wanapungua, na maneno yao yanakwenda nao.